Chumvi Imenifuata Ohio

Mswahili akinunua pikapu hapa Cleveland, ajue amejitwika cheo cha umma. Jumamosi simu zinaanza kulia kabla chai haijachemka. Huyu ameokota sofa nzuri kando ya barabara, anaomba ifike kwake kabla mvua haijaiwahi. Yule anahama, na kitanda chake kimekataa kuingia kwenye gari dogo. Kuna masufuria ya pilau ya harusi, kuna jokofu la shemeji, kuna magunia ya mchele wa kugawana. "Mafuta nitakutilia, kaka," kila mmoja anaapa, na katika viapo vyote vya ughaibuni sijaona kingine kilichovunjwa na watu wengi kiasi hicho. Kwa hiyo pikapu yangu ilipoanza kuzima ovyo njiani, msiba ulikuwa wa jamii nzima. Watu walipiga simu kunipa pole, halafu wakauliza kama Jumamosi itakuwa imepona.

Mimi ni mtu wa Tanga, na chumvi naijua kwa ubaya wake. Nyumbani kwetu bawaba za madirisha zililiwa zikabaki jina, baiskeli ya baba ilikuwa na kutu nyingi kuliko chuma, na jokofu lilisimama juu ya matofali kwa sababu miguu yake ilishakwisha. Ohio haina bahari. Atlantiki iko mamia ya kilomita mashariki, na Ziwa Erie lililo mlangoni petu halina chumvi hata ya kukolezea mchuzi. Mtu wa pwani akiitazama ramani, anasema alhamdulillahi, hapa mabati yangu yamesalimika.

Halafu baridi inaingia. Theluji ikianguka, malori ya jiji yanazunguka usiku kucha yakimwaga chumvi barabarani, tani kwa tani, kwa kodi zetu wenyewe. Na wala hawaagizi mbali. Chini ya ziwa lile lile, kina cha karibu mita 550, kuna mgodi wa chumvi. Mola aliifukia huko chini kabisa, akaifunika kwa mwamba na maji matamu, binadamu wakaifuata, wakaipandisha, wakaitandaza barabarani. Nilipomweleza mjomba wangu kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wanaimwaga kusudi?"

Kusudi kabisa. Maji ya chumvi yanahitaji baridi kali zaidi ili yagande, hivyo barafu inalegea na magari hayatelezi. Baridi ikishuka kwenye nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inachoka, ndipo huongezwa kloridi ya kalisiamu, na hiyo ina tabia ya kuvuta unyevu hewani. Gari lililoipata halikauki. Linabaki na jasho la chumvi mvunguni usiku na mchana, mpaka mtu alioshe.

Siku moja pikapu ikazima kwenye foleni ya dirisha la kahawa. Sofa iko nyuma, mwenye sofa kakaa kando yangu, magari mbele na nyuma. Nikipiga stata injini inazunguka bila kuwaka. Mwenye sofa akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Wamarekani walio nyuma yetu walipiga honi ya adabu, baadaye wakaiacha adabu. Baada ya kama robo saa gari likawaka lenyewe, likanguruma vizuri kabisa, na mwenye sofa mpaka leo anasimulia misibani kwamba ni kisomo chake. Siku ile theluji ilikuwa inayeyuka, jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani.

Jamii ikakaa kikao. Mzee mmoja wa Mombasa alisema ni filta. Mama mmoja wa makamo alisema ni husda, maana pikapu imebeba vyombo vya watu wengi mno na kila chombo kina jicho lake. Mjomba, akiwa Tanga, akatoa hukumu bila kuliona gari: "Mjomba, hayo mafuta yamechakachuliwa." Msimlaumu. Ameendesha gereji Ngamiani miaka ile ambayo mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa kwenye dizeli, mpaka EWURA, mamlaka ya nishati ya Tanzania, ilipoanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na tangu hapo hakuna ugonjwa wa gari ambao hauanzii kwenye sheli. Gereji moja ya hapa, yenye makochi na kahawa ya bure, ilichomeka mashine, ikasoma, ikapendekeza tanki lishushwe na pampu nzima ibadilishwe. Bei waliyoandika ingelipa mahari nyumba mbili. Nikasema naenda kushauriana na wazee.

Mzee mwenyewe ni fundi kutoka Bukavu, tunayemwita Papa, ambaye hutengeneza magari uani kwake. Hakuchomeka kitu. Aliniuliza habari za hali ya hewa.

"Inazimaka wakati theluji inaanguka, ao wakati inayeyuka?"

"Ikiyeyuka, Papa."

"Njo vile," akasema, akaenda kutafuta nyundo.

Kabla ya nyundo aliniambia nifungue ufunguo bila kuwasha, akalala chini na sikio lake karibu na tanki. Pampu nzima ina mlio: ukifungua ufunguo inavuma kama sekunde mbili, inatia presha, inanyamaza. Yangu ilikuwa kimya tangu mwanzo. Papa akavuta waya kutoka betri, akaigusisha pampu umeme moja kwa moja. Ikavuma. "Pampu iko muzima," akatangaza, na kwa maneno hayo bei ya gereji ya makochi ikabaki mfukoni mwangu. Mwenye njaa alikuwa pampu, aliyemnyima chakula alikuwa mwingine.

Katika pikapu kama yangu, kati ya kompyuta ya injini na pampu kuna kibokisi cha ukubwa wa kiganja. Kazi yake ni kukata na kuachia umeme mara nyingi kwa sekunde, ili pampu izunguke kwa kasi ambayo injini inaitaka na isizidi. Kazi hiyo inakitia joto, kwa hiyo mgongo wake ni wa alumini, upate kupoa. Mpaka hapo akili imetumika. Lakini mhandisi, ambaye naapa alikuwa amekaa mahali pasipo na theluji, akatafuta pa kukiweka, na katika gari zima, lenye kabini iliyotandikwa zulia, akachagua chuma cha kukingama cha chesisi juu ya spea taya, pale ambapo kila tope la chumvi linarushwa na matairi. Akakikaza kwa bolti, alumini juu ya chuma, bila hata karatasi katikati.

Kukifikia, lazima spea taya ishuke. Inashushwa kwa kebo, unaizungusha kwa chuma kirefu unachokipitisha kwenye tundu la nyuma ya gari. Kebo yangu ilikuwa imekamatwa na kutu. Papa alipiga nyundo, akasema jambo kwa Kifaransa, akapiga tena, akamwomba Mungu kwa Kiswahili, na tairi likaanguka na kishindo, pamoja na mchanga, majani makavu, vijiwe vya chumvi na glovu moja ya mkono wa kushoto. Shemeji, aliyekuja kuulizia jokofu lake, akaitambua glovu hapo hapo. Alikuwa ameitafuta tangu majira ya baridi yaliyopita.

Kibokisi kilipotoka, nilikishika mkononi. Mgongo wake ulikuwa umevimba kama andazi lililozidishiwa hamira, unapukutika unga mweupe, na katikati umepasuka ufa wa kupitisha ukucha. Papa akakitikisa, kikadondosha maji. Pini za plagi zilikuwa na ukijani wa shaba iliyoliwa. Hapo ndipo siri ya foleni ya kahawa ilipofichuka: theluji ikiyeyuka maji yanapenya, umeme unakatika, joto la gari linakausha, gari linawaka. Mwenye sofa sijamwambia.

Metali mbili tofauti zikigusana, na maji ya chumvi yakapita katikati, umeme mdogo unatembea na aliye mnyonge analiwa. Hapa mnyonge ni alumini. Kutu yake inachukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, na kwa kuwa upande mmoja kuna chuma kisichosogea, inasukuma upande wa ndani mpaka ganda linapasuka. Wala si fedheha ya pikapu peke yake. Yule bibi wa New York mwenye mwenge, aliyezinduliwa mwaka 1886, ana ngozi ya shaba na mifupa ya chuma. Waliomjenga waliijua hatari hiyo, wakatenganisha metali hizo kwa asbesto iliyolowekwa kwenye vanishi. Miaka ikapita, kitenganishi kikachakaa, chuma kikaliwa, na kufikia 1986 ilibidi mifupa mingi itolewe na kuwekwa ya chuma kisichoshika kutu, na Teflon katikati. Wazee wetu wa Lamu walimaliza mjadala huu mapema zaidi: chombo chao cha mtepe walikishona kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja.

Dawa ya kibokisi inaudhi kwa urahisi wake. Kibokisi kipya siku hizi kinakuja na vijiguu vyake, vya kukiinua kidogo kutoka kwenye chuma ili maji yateremke na hewa ipite. Papa hakuviamini, akaongeza washa za nailoni. Alichomoa hasi ya betri kwanza. Akakwangua kutu kwenye chesisi, akapaka rangi. Plagi akaipulizia dawa ya kusafishia, akaisugua kwa kijibrashi mpaka pini zikang'aa, kisha akapaka grisi ya silikoni kwenye mpira wake, kidogo tu, kwa ncha ya kidole. Ambaye pikapu yake haijaanza kuzima anaweza kukifungua kibokisi chake, akakisafisha, akakipachika vijiguu na kukirudisha kwa bei ya sahani ya biriani. Bolti azinyunyizie mafuta ya kulegeza kutoka jana yake, na bado moja itakatika.

Kinachobaki ni maji. Siku ambayo joto limepanda juu ya sifuri, pikapu inapelekwa kwenye kiosha magari kinachorusha maji kutoka chini, kwa sababu bodi inayong'aa haimsaidii mtu ikiwa mvungu umejaa chumvi. Jirani yangu Mmarekani analaza gari lake kwenye banda lenye joto, kwa mapenzi. Humo barafu inayeyuka, chumvi inaamka, na kutu hushamiri kwenye joto. Langu linalala nje, limeganda na chumvi yake, na usiku huo kutu haiendi mbali. Ni mara ya kwanza kukosa banda kunipa faida ya kiufundi.

Mjomba alitaka nipake mvungu mzima oili chafu, kama wanavyofanya Tanga. Hapa sheria hairuhusu oili chafu kumwagwa ardhini, na ikipakwa mvunguni inadondoka, inaelekea ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa. Badala yake kuna mafuta ya sufu ya kondoo, yanapulizwa mvunguni kabla ya baridi, breki zisiguswe, na yanashikilia chuma majira yote. Harufu yake haijifichi. Mke wangu alitoka nje, akanusa, akauliza kama Idi imewahishwa.

Nilimtumia mjomba picha ya kibokisi kile kilichopasuka. Akaipeleka gereji, vijana wakaikuza kwenye simu, wakabishana mpaka magharibi, halafu akanipigia.

"Usikitupe. Kuna kijana hapa anasema anaweza kukichomelea."

"Mjomba, huko hakuna pikapu za namna hii."

"Leo hakuna," akasema. "Kuna mtu analeta moja kutoka Muscat."