Harusi Isiyo na Kamati

Sijui nani aliwaambia waandishi wa Marekani kwamba penzi halinogi mpaka lipandishwe ndege. Riwaya zao za siku hizi zina mchezo mmoja: bibi harusi ana kanisa mtaani kwao, ana ukumbi, ana mama mwenye uwezo, lakini hataki. Anataka ufukwe. Basi wazazi walioachana, mashoga, na yule mpenzi wa zamani ambaye hakuna aliyekumbuka kumfuta kwenye orodha, wote wanafungasha mabegi hadi kisiwani kushuhudia pete ikivalishwa. Mama watoto anazisoma hadi saa saba usiku, taa inawaka, umeme wa LUKU unakwenda bila huruma. Kwa kuwa silali, nami nazisoma. Kwa nia ya kuzikosoa tu.

Chukua The Unhoneymooners ya mwaka 2019, ya Christina Lauren, ambaye kumbe ni wanawake wawili wanaoandika pamoja. Humo harusi yenyewe inafanyika Minnesota, kinachopanda ndege ni fungate: bufee ya vyakula vya baharini inalaza ukumbi mzima, maharusi wakiwamo. Wanaosalimika ni pacha wa bibi harusi na kaka wa bwana harusi, watu wasiopikika chungu kimoja. Fungate ya Maui imeshalipiwa na pesa hairudi, kwa hiyo wanakwenda wao, wakijifanya ndio wanandoa. Haya, ihamishie habari hiyo Mbagala. Kabla dripu hazijaisha, mwenyekiti wa kamati ndogo ya chakula angekuwa ameshawekwa kikao na koo mbili, anadaiwa risiti za samaki. Na hao wawili wanaotaka kusafiri pamoja, nani kawaruhusu? Mjomba kaulizwa?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba bibi harusi yule amepata karibu kila kitu bure, kwa kushinda bahati nasibu. Bure! Harusi za kwetu hulipiwa na simu yangu. Unaamka asubuhi umeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtoto wa mtu mliyesoma naye darasa la nne. Jioni mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, kilicholipwa. Mbele ya jina langu, safu ya ahadi ina tarakimu nzuri tu. Safu inayofuata ina kistari. Kistari hicho kinasomwa na ukoo, wafanyakazi wenzangu na mchungaji. Hapo bado sendofu, bado kicheni pati na sare yake, bado ndafu, bado vikao vya Jumapili vinavyofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa nyama choma.

Ndani ya riwaya zile mweka hazina hayupo. Utamu wake uko hapo, nasema mimi. Mapenzi ni kisingizio. Bahari ni bawabu asiyehongeka: nauli imeshachuja waalikwa, na hakuna jirani wa kutokea na watoto watano kwa kadi ya mtu mmoja.

Halafu kuna suala la kitanda. Mahasimu wakifika hotelini, lazima chumba kiwe kimoja na kitanda kimoja. Wanapanga mito katikati, wanagombania shuka, na kufikia sura ya kumi mito haijulikani ilikokwenda. Nyie, nendeni harusi ya Bukoba muone malazi! Magodoro yametandikwa sebuleni ukuta kwa ukuta, wajomba upande wa mlango, na shangazi anaamka saa kumi alfajiri kusali kwa sauti, akiwataja kwa majina wasioolewa. Penzi gani litachipua hapo?

Filamu nazo ni hizo hizo. Katika Ticket to Paradise ya mwaka 2022, Julia Roberts na George Clooney wanakimbilia Bali kumzuia binti yao asiolewe na mkulima wa mwani. Bali yenyewe waliipigia picha Australia, lakini tuyaache hayo. Mkulima wa mwani! Kule Zanzibar, Paje na Jambiani, kazi hiyo wanaifanya hasa kina mama: maji yakipwa wanaingia, wameinama, leso zimelowa, wanafunga vichipukizi kwenye kamba kimoja kimoja, kisha wanabeba magunia hadi pwani na kulalamikia bei. Pembeni yao maharusi kutoka Ulaya wanapigwa picha wakiwa peku mchangani. Sijaona mcheza sinema akifika kuwaposa.

Nilimweleza mama watoto hoja zangu zote, kwa mpangilio. Akafunga kitabu kwa kidole. "Baba watoto, mimi harusini huwa naona masufuria. Bibi harusi namwona kwenye video. Humu nimekaa mbele, naletewa juisi. Zima taa ya kwako."

Sikuwa na jibu, maana ni kweli. Harusi ya mwisho aliondoka na harufu ya vitunguu, mimi nikaondoka na pilau kwenye kontena.

Basi waandishi wetu wa riwaya pendwa, nawaomba. Paje ipo, mwani upo. Tuandikieni ya kwetu. Mpeni mama mmoja wa mwani mchumba wa maana, Mtanga au Mmombasa, na wapishi wawe wanaume watupu. Mweka hazina asipewe hata ukurasa mmoja. Na shangazi, tafadhali, mlipieni chumba chake.