Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Barabara: Ombi la Mita Moja na Nusu

Waheshimiwa wasimamizi wa barabara kuu,

Tangu Umoja wa Mataifa uitangaze Siku ya Baiskeli Duniani mwaka 2018, tarehe 3 Juni ni nafasi nzuri kwa kiongozi kuvaa fulana mpya na kunyonga baiskeli nyuma ya king'ora, tena penye tambarare. Msafara unaonekana toka mbali, na polisi wakitangulia hata lori hushika adabu. Kwa hiyo tuuache. Barabara ipimwe kwa mtu asiye na msafara, anayetoka Kyela kwenda Mbeya peke yake na mizigo imening'inia pande mbili za gurudumu.

Njia yenyewe mnaijua. Ufukwe wa Ziwa Nyasa hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Uporoto, ukishaipita Tukuyu, inavuka mita 2,000. Katikati kuna mpunga, kakao, migomba, chai, halafu viazi vya Isongole. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, mwenye baiskeli iliyosheheni huenda kama kilomita 7 kwa saa. Kilomita moja inamla dakika 8 na ushei. Akiishuka hiyohiyo kwa mwendo wa 50, inaisha kwa sekunde 72. Maana yake, anayepanda hukaa mbele ya malori ya Malawi mara saba zaidi ya anayeshuka. Tena mwendo ukizorota hivyo baiskeli huyumba kila mguu unapokandamiza, na hapo ndipo nafasi inapohitajika. Mnachompa ni mstari mweupe, na nje ya mstari, lami iliyomeguka kama mkate wa jana, kisha mtaro. Pale mlipomwonea huruma mkamwachia bega la barabara, mkalipitishia rasta za matuta madogo kutoka ukingo hadi ukingo. Dereva wa lori huzisikia kwenye kiti. Wa baiskeli huzilipa moja moja kwa magoti.

Kinachofurahisha ni kwamba kanuni ninayoidai ni yenu wenyewe. Lori likilemewa na mlima, wahandisi huliongezea njia upande wa kupandia ili wenye haraka wapite. Hakuna anayeliambia lori livae koti la kung'aa na kujihadhari. Aliye wa polepole kuliko lori, asiye na bati la kumkinga, ndiye anayepewa mawaidha.

Mtasema watalii wa baiskeli ni wachache. Kweli, lakini bega la barabara haliulizi pasipoti. Upande huohuo hupita mikungu ya ndizi iliyofungwa kwenye baiskeli ya Phoenix, na gunia la mkaa linalosukumwa na kijana aliyeinamia usukani. Hawa hawahesabiwi kuwa wasafiri kwa kuwa hawana kofia ngumu. Na ukihesabu watumiaji wa njia ya hatari, unahesabu waliothubutu tu. Wengine watashauri baiskeli ipakiwe juu ya Coaster mpaka Uyole. Ushauri mzuri sana. Kwa mantiki hiyo, malori nayo yapakiwe kwenye treni.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi. Kuchonga mwamba si kupaka chokaa, ndiyo maana ombi ni la mita moja na nusu ya bega la barabara, tena upande mmoja, ule wa kupandia. Anayeshuka kwa mwendo wa gari na aende na magari. Ila msiseme nafasi haipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imewapa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na nyumba zilizokutwa humo zilichorwa X bila kigugumizi. Katika mita hizo 60, ya kupitisha usukani imekosekana?

Basi mkataba ujao wa kuweka lami upya ukifika mezani, tazameni kwanza mchoro wa miinuko. Kwa sasa, rasta ziachiwe upenyo pembeni, upana wa tairi na viganja viwili. Kazi hiyo haihitaji mkopo wala mshauri mwelekezi. Inahitaji fundi mwenye sururu na ruhusa yenu kwa maandishi, yenye mhuri, kwa maana fundi bila barua hagusi kitu.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi, nje ya mstari mweupe