Yah: Ombi la Nafasi ya Mshauri wa Mambo ya Wali

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa Masoko,
Makampuni ya Michezo ya Video ya Wasichana,
Tokyo, California na kwingineko mnakokalia vikao.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke mkulima wa mpunga wa hapa Chita, Bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, na ninaomba kazi. Najua hamjatangaza nafasi. Ila nimefuatilia namna mnavyouchukua mchezo uliotengenezwa Japani kwa ajili ya wasichana, mkauogesha, mkausuka nywele upya na kuupeleka Marekani na Ulaya, nikaona wazi kwamba ofisini kwenu hakuna mtu anayekijua chakula.

Ushahidi wa kwanza nauchukua kwa jirani zenu wa katuni. Katika Pokémon yumo kijana aliyezaliwa Takeshi, akabatizwa Brock alipotua Marekani. Kijana huyo alishika tonge la wali, jeupe pe, la pembe tatu, limefungwa kipande cha mwani mweusi, akawatangazia watoto kwamba ni donati ya jamu. Macho ya mtoto yanaona wali, masikio yanaambiwa donati. Mwaka 2005 ikaja zamu ya mchezo wa mawakili, Ace Attorney: binti Maya, ambaye kwao alikuwa hoi kwa rameni, Waingereza na Wamarekani wakamsikia akililia baga. Mji nao ukahamishiwa Los Angeles, na kijiji cha mlimani cha wanawake wanaopandisha roho za wafu kikalazimika kuufuata. Hongereni. Hata serikali yetu, iliyohamisha watu wengi enzi za vijiji vya ujamaa, haikuwahi kuvusha kijiji bahari.

Huku kwetu tulikuwa na marehemu Kapteni Derek Mukandala, maarufu Lufufu, aliyetafsiri filamu za nje kwa mdomo wake mwenyewe, na sauti yake ikaingia kwenye vibanda vya video kila upande wa nchi. Alitia chumvi, tena kwa kiganja. Lakini chumvi ile ilikuwa ya kumsogeza mtazamaji karibu na picha. Yenu ni ya kumfumba macho, kisha mnamtoza bei ya kutazama.

Nihamie kwenye suala la viza: mchezo upi mnauruhusu kuvuka na upi mnauzuia. Mwaka 1994 kampuni ya Koei, kupitia kikosi chake cha wanawake kiitwacho Ruby Party, ilitoa Angelique, mchezo ambao binti anashindania kiti cha malkia wa ulimwengu mzima huku mapenzi yakimvuta shati. Mlango wa Magharibi ukafungwa. Konami nao mwaka 2002 wakaanza kuwauzia wasichana wa Japani Tokimeki Memorial Girl's Side. Wa Magharibi walipochoka kusubiri, mashabiki walikaa wakatafsiri wenyewe, bila mshahara wala kikao. Hakuoki, mchezo wa mapenzi na wapiganaji wa upanga, ulipenya kwa lugha ya Kiingereza mwaka 2012.

Lakini Cooking Mama, mama anayekatakata vitunguu na kukaanga, alipata viza mwaka uleule wa 2006 aliozaliwa. Duka la nguo la Nintendo nalo likapita salama, likaitwa Style Savvy Marekani, Style Boutique Ulaya. Na kwa kuwa shehena ya Japani haikutosha, Ubisoft ya Ufaransa kuanzia 2007 ikajaza rafu na mfululizo wa Imagine: vaa nguo, lea watoto, tibu wanyama. Nimeuelewa utaratibu wenu wa uhamiaji. Mwenye sufuria apite. Anayetaka kutawala ulimwengu akae benchi, ataitwa.

Sasa shamba, maana hapo ndipo ninapotafutia mkate. Mchezo wa kilimo uitwao Harvest Moon: Back to Nature ulifika Marekani mwaka 2000 ukiwa na mvulana. Toleo la msichana lilitoka Japani mwishoni mwa mwaka huohuo, halafu likabaki palepale. Wamarekani walikuja kumlimia shamba yule binti mwaka 2007. Na huko Japani lilikotoka, toleo hilo lilikuwa na kanuni moja ambayo naomba mnieleweshe kwa maandishi: mvulana akioa, anaendelea kulima na anapata mtoto, msichana akiolewa, mchezo umekwisha. Majina ya watengenezaji yanapanda kwenye skrini, basi.

Waheshimiwa, mimi nimeolewa. Sikuona jina la mtu likipanda. Nilichoona ni jaruba la mume likiongezeka juu ya langu, na ndege wakiningoja nikawaamie kabla jua halijatoka. Kama mnajua kijiji ambacho mwanamke akiolewa kazi inakwisha, nitumieni ramani, wanawake wa Kilombero tuko tayari kuhamia hata leo.

Mtasema wanunuzi wa Magharibi hawataki tope. Novemba 2020 ulitoka Sakuna: Of Rice and Ruin, kazi ya Edelweiss, kikundi kidogo cha Wajapani. Shujaa ni binti wa kimungu, mdekaji kweli kweli, anayepelekwa kisiwa cha mashetani na kulazimika kulima mpunga. Shamba likikubali, naye anapata nguvu za kupigana. Humo mnachagua mbegu, mnapima maji, mnapalilia, mnaanika, mnapura na kukoboa. Hakuna aliyeugeuza mpunga kuwa ngano, na nakala zaidi ya milioni moja zimeuzwa. Wachezaji wa Japani walipokwama walikwenda kusoma tovuti ya Wizara yao ya Kilimo.

Binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, alimwona kwenye simu Mzungu mmoja akiucheza. Anapandikiza kinyumenyume, kama inavyotakiwa, lakini mstari umepinda na miche imerundikana pembeni. Binti akasonya. "Shangazi, huyu anabananisha. Si angeweka ishirini kwa ishirini?" Alimaanisha sentimita, kama maafisa ugani wanavyotuhubiria. Akakaa naye mpaka mavuno, betri ikabaki nyekundu. Hakuwa na habari kwamba mchezo ule ni wa wavulana au wa wasichana, na boksi lake hajaliona rangi.

Sifa zangu za kazi, basi: naujua mpunga kitaluni mpaka chenga na pumba. Nikishindwa jambo, Ifakara kuna kituo cha utafiti cha TARI, wenyewe tunakiita KATRIN, na pale mbegu ya mpunga ya SARO 5 wanaijua nje ndani. Mshahara tutazungumza. Usaili ufanyike hapa Chita msimu wa kupandikiza, saa kumi na mbili asubuhi. Viatu mviache kwenye tuta, na anayeogopa ruba atoe taarifa mapema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa mpunga,
Chita.

Nakala: Mwenyekiti wa Kitongoji, ambaye amekataa kugonga mhuri mpaka aelezwe shamba la kwenye simu linalipiwa ushuru wa mazao wapi.