Kilo 300 za Maji

Ukimwambia mtu unafuga samaki ndani ya nyumba, akilini mwake anamwona samaki. Maji hayaoni kabisa. Ndiyo maana nilipomwambia fundi seremala pale Keko kwamba nataka stendi ya tanki la samaki itakayobeba kilo 300, aliweka randa chini akanitazama.

"Bosi, unafuga papa?"

Nikachukua penseli yake nikamfanyia hesabu kwenye kipande cha mbao. Tanki lina urefu wa sentimita 120, upana 40, kimo 50. Hizo ni lita 240, na kila lita ina kilo yake moja. Vioo vya milimita 10 vinakaribia kilo 50. Samaki wenyewe ni mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao kwao ni kwenye miamba, kwa hiyo na mawe yamo. Jumla yake inapita mifuko sita ya saruji, na yote inakaa sebuleni jirani na kochi.

Akanisikiliza kwa adabu. "Na hao samaki wana uzito gani?"

"Gramu kadhaa tu."

Akatikisa kichwa, nadhani kwa huruma.

Ubishi ulianza kwenye miguu. Yeye alitaka kupigilia boriti ubavuni mwa miguu kwa misumari ya inchi nne, basi. Mimi nikasisitiza boriti ikae juu ya mguu, mbao ibebwe na mbao, msumari ubaki na kazi ya kushikilia tu. Akasema ametengeneza vitanda vya maharusi miaka na miaka na hajarudishiwa hata kimoja. Hoja hiyo ni nzito, sikatai. Lakini maharusi huamka wakaenda kazini, maji hayaamki.

Siku ya majaribio tukakosa mizani, tukatumia watu. Akapanda fundi, kijana wake, dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita, na mama lishe wa pale jirani, aliyekubali kwa sharti kwamba asiulizwe kilo zake. "Hizo ni siri yangu na Mola wangu," akasema, akajipangusa unga mikononi, akakaa. Stendi kimya. Bodaboda akajaribu kukadiria kwa sauti, mama lishe akamtandika kofi la mgongo, wote wakaangua kicheko, na hapo ndipo stendi ikaanza kuyumba kushoto na kulia kama dau. Uzito wa kushuka chini iliumudu. Kicheko cha kwenda ubavuni hapana. Fundi akashuka bila neno, akakata plaiwudi, akaifunga mgongoni pote kwa gundi na skrubu. Wakapanda tena, wakaamriwa wacheke. Haikutikisika.

Nyumbani, pima maji ikafichua kwamba sakafu yetu inainama kuelekea mlangoni. Tanki likikaa mshazari, maji huelemea upande mmoja na viungo vya kioo ndivyo vinavyoumia. Tukainua miguu miwili kwa vipande vya plaiwudi, tukatandika sponji chini ya tanki, tukajaza maji ndoo kwa ndoo.

Kisha maji ya bomba yakakatika mtaa mzima. Nikarudi nikamkuta shangazi ameegemea stendi kwa kifua, kopo mkononi.

"Samaki wanaogelea kwenye lita 240, na mimi mtu mzima sijaoga?"

"Shangazi, hayo maji yana mavi ya samaki."

"Visima tulivyokulia vilikuwa na vyura."

Tukaafikiana kiungwana. Robo ya maji hubadilishwa kila wiki hata hivyo, sawa na ndoo tatu za lita 20, na hizo zikawa zake, za chooni na za kumwagilia mchicha. Mchicha umenawiri mno. Jirani ameshauliza mara kwa mara siku ya kubadilisha maji ni lini, na jana alikuja na ndoo yake kabisa.