Kamera ya Kuonwa

Anayetaka kula kwa kupiga picha za harusi hapa Likasi hukwama kwanza mahali pamoja: achukue kamera ya wanaoanza, tuseme Nikon D3500, au ajikamue mpaka aifikie ya waliokolea, kama D7500? Mimi nasema ndogo, na sababu yangu ya kwanza imeandikwa na kiwanda chenyewe. Ile ndogo, ya mwaka 2018, ina pikseli milioni 24.2, kubwa, ya 2017, ina milioni 20.9. Betri ikijaa, kwa kipimo cha kiwanda, ndogo hupiga picha 1,550 na kubwa 950. Katika mji ambao umeme huondoka bila kuaga, picha 600 za ziada ni jenereta isiyokunywa mafuta. Na zote zitatumika, maana shangazi wa bibi harusi hupigwa mmoja mmoja, kisha kwa makundi, kisha upya kwa sababu mmoja alifumba macho.

Basi mbona kubwa ndiyo inayotamaniwa? Kwa sababu inaonekana. Kuanzia Kikula hadi Panda, mwenye sherehe hapimi picha, anapima kamera. Toa kikamera cha gramu 415, betri na kadi ndani, na baba wa bwana harusi atakutazama kama mtu aliyekwenda kuchimba shaba ya Kambove kwa kijiko cha chai. Toa lile la gramu 720 uletewe kiti, na sahani ya bukari ifike kabla ya kuomba. Hoja hii siidharau, heshima ni sehemu ya malipo. Lakini kuna njia rahisi ya kuipata: ivike lenzi kofia yake ya plastiki, vaa mkanda mpana shingoni, piga goti kabla ya kila picha, na usicheke. Sijui mzee atakayeinama kusoma namba ya kamera.

Watauliza habari za vumbi, na hapo wana haki. Kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu hulala hata ndani ya kabati lililofungwa, na D7500 imezibwa viungo vyake wakati D3500 haikuzibwa. Ila kuziba huko kunadumu mpaka unapotoa lenzi ubadilishe. Hapo mlango uko wazi, na vumbi linaingia kama mgeni asiyealikwa anayejua jiko liko wapi. Mfuko wa nailoni na mkono mwepesi vitasaidia kamera zote mbili sawasawa.

Fedha iliyobaki ndiyo yenye kazi: iende kwenye lenzi. Ile ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka kwa f/5.6 tu, lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Fikiria ukumbi wenye taa mbili, moja inapepesa, na mjomba anambandika mwimbaji noti ya dola kwenye paji la uso. Kwa f/5.6 mkono wa mjomba unageuka moshi na noti haionekani. Mjomba hakutoa dola ili isionekane.

Pamoja na hayo, nakubali kushindwa mahali pawili. Aliyerithi lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota ataona D3500 haiwezi kuzilenga yenyewe, atazungusha kwa mkono huku maharusi wanaondoka. D7500 ina mota yake. Na anayepiga mpira wa miguu atafurahia picha 8 kwa sekunde badala ya 5. Hao wachukue kubwa. Wengine wote: ndogo, lenzi ya 35, betri ya pili, na kadi iwe ndani ya kamera, si kwenye kompyuta nyumbani.