Betri za Kuchaji: Mwongozo kwa Mkazi wa Gongoni Asiyetaka Kushauriwa

Betri za kuchaji hudumu miaka mikononi mwa mtu mwenye subira. Kwa kuwa wewe una haraka, mwongozo huu utakuonyesha namna ya kuzinunua kwa pupa, kuzichaji ovyo na kuzizika kabla ya mvua za kwanza. Umeandikwa kwa ajili ya Gongoni, mjini Tabora, lakini watu wa Isevya, Ng'ambo na Cheyo wanaruhusiwa kuufuata, mradi wasiseme wameutoa wapi.

Hatua ya kwanza ni kutonunua kabisa. Endelea na betri za kawaida na elimu ya wazee. Tochi ikififia, toa betri, zing'ate kwa magego, kisha zianike juu ya bati kando ya michembe. Jioni tochi itawaka kidogo, nawe utawatangazia watoto kwamba betri haikuwa imekufa, ilikuwa imechoka tu. Ukweli ni kwamba joto limezikimbiza zile kemikali chache zilizobaki. Zinki iliyokwisha hairudi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hatulitazami: kopo la betri ya kawaida ya tochi ndiyo zinki yenyewe, na umeme unapotoka ndilo linaloliwa. Betri uliyoikamua mpaka tone la mwisho ni kopo lililotoboka kutokea ndani, na ule uji unaovuja humo ndio uliokula springi za redio ya babu. Asili ya betri hiyo ni chupa ya Mfaransa Georges Leclanché, ya mwaka 1866, miaka sita kabla ya Livingstone kukaa pale Kwihara akisubiri wapagazi. Tumezitumia za National zilizotengenezwa Dar es Salaam, na wenzetu wa Kenya walikuwa na Eveready za Nakuru, kutoka kiwanda kilichofungua milango mwaka 1967 na kufunga 2014. Majina yamebadilika, magego ni yale yale.

Ukishindwa kujizuia, basi nunua, lakini usihesabu vifaa vya nyumbani kwanza. Watu wenye wasiwasi huanza kwa kupekua kabatini ili wajue ni vingapi vinatumia betri ndogo, vingapi vinatumia zile nyembamba za rimoti, na vingapi bado vinadai betri kubwa za tochi ya chuma. Wewe nenda moja kwa moja dukani, nunua nne, rudi, uziweke kwenye saa ya ukutani na kwenye rimoti, mahali ambapo wageni wataziona. Saa ya ukutani hukaa na betri moja ya kawaida mwaka mzima au zaidi, hivyo betri yako ya gharama itakuwa imestaafu siku ya kwanza ya kazi. Vile vinavyokula betri kwelikweli, yaani tochi ya kwenda uani usiku, gari la kuchezea la mtoto, kipimo cha presha cha bibi, maiki ya mshereheshaji, viachie betri za kawaida ili uendelee kuchangia biashara ya mtaa.

Kisha lalamika kuhusu volti. Betri ya kawaida imeandikwa 1.5, ya kuchaji imeandikwa 1.2, na jirani yako mwenye kujua kila kitu atakuambia umepunjwa. Mkubalie. Usimwambie kwamba betri ya kawaida huanza na 1.5 na kuporomoka tangu dakika ya kwanza, kwamba katikati ya safari yake tayari iko kwenye 1.2 na mwishoni iko chini ya 1, wakati ile ya kuchaji hushika 1.2 yake karibu njia nzima. Vifaa vingi vimeundwa vikijua hilo. Vichache ni vikaidi, na alama ya betri kwenye vioo vyao itadai betri imekaribia kwisha ilhali umetoka kuichaji. Lakini ubishi wa kibarazani ukiisha mapema, kahawa nayo inapoa.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kanuni ni moja: tazama namba kubwa kuliko zote. Kwenye ganda utaona herufi mAh, kipimo cha umeme ambao betri hubeba, na mbele yake 2000, 2500, 3800, 5000, hata 9900. Chukua 9900. Enzi za misafara, kitambaa cha merikani kilichoingia Unyanyembe kutoka Bagamoyo kilipimwa kwa mikono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole: minne ni shuka, minane ni doti, na swali pekee lililobaki lilikuwa mkono wa nani. mAh za sokoni ni mikono ya namna hiyo, na aliyepima yuko mbali sana. Betri ndogo ya kweli ya nikeli, ile iliyoandikwa Ni-MH na yenye umbo la betri ya saa ya ukutani, huishia kati ya 1900 na 2700 hivi. Ile nyembamba ya rimoti haivuki sana 1000. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuingiza 5000 za nikeli ndani ya kopo hilo, hata kikisomewa dua.

Anayetaka kujua ukweli ainyanyue. Betri ndogo nzima ya nikeli ina gramu 26 hadi 31. Ukiiweka kiganjani unaihisi, ilhali ya uongo hukaa mkononi kana kwamba haipo. Zile kubwa za tochi ndizo zenye vituko zaidi: ya kweli huzidi gramu 150 na hubeba 8000 au 10000, lakini zipo ambazo ndani ya lile ganda pana kuna betri ndogo moja tu iliyozungukwa na plastiki au hewa. Mababu wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa frasila mbili, kilo 30 na kitu, kwa miguu mpaka pwani, na hawakuhitaji mtu wa kuwasomea lebo. Sisi wajukuu zao tunadanganywa kwa kitu cha gramu 30.

Usijali pia kama betri inahifadhi chaji au la. Za nikeli za zamani zilikuwa zikivuja umeme zikiwa zimekaa tu, na miezi michache kwenye droo ilitosha kuzikausha. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilileta Eneloop, ambazo mwaka mmoja baada ya kuchajiwa bado zina sehemu kubwa ya umeme wake, na tangu hapo kampuni nyingine zimefuata njia hiyo. Maandishi ya kutafuta kwenye pakiti ni yale yanayosema zimeshachajiwa tayari, kwa sababu betri inayovuja haiwezi kuuzwa ikiwa imejaa. Tena, kati ya mbili za familia hiyo hiyo, yenye namba ndogo huishi zaidi. Eneloop ya kawaida, ya 2000 hivi, imetangazwa kuchajika mara 2100, na dada yake wa 2500 mara 500 tu. Bila shaka utachukua ya 2500. Kisha uihifadhi kwenye dirisha linalopigwa na jua la Oktoba, maana joto huharakisha kuvuja kwa chaji.

(Niseme jambo kando. Nikeli hiyo ipo kwetu, Kabanga, wilayani Ngara, na tangu 2021 kuna kampuni ya Tembo Nickel ambayo Serikali ina asilimia 16 ndani yake. Na kobalti, ambayo nayo hutumika kwenye betri, inachimbwa kwa wingi kuliko kokote duniani kule Katanga, kulikotawaliwa na Msiri, mtu aliyetoka huku Unyamwezi kufuata shaba mpaka akawa mfalme, akauawa mwaka 1891. Pembe za ndovu zilipita hapa kwenda pwani zikawa vibonye vya piano Marekani. Tusubiri tuone nikeli itaturudia kwa umbo gani, na ikiwa na lebo ya ngapi.)

Baada ya kumaliza fedha yote kwenye betri, kumbuka chaja. Hapa ndipo mauaji yenyewe hufanyika, kwa hiyo tafadhali fuatilia kwa makini. Chaja nzuri ya kuua ni nyepesi, haina maandishi zaidi ya neno la kujisifu, na ina taa moja. Mazungumzo dukani huwa kama hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chaja hii inajizima betri zikijaa?"

"Inajizima, mzee. Ukiona taa ya kijani, zimejaa."

"Mbona sasa hivi ni kijani na haina betri?"

"Hapo inakuonyesha iko tayari."

"Nikiweka betri?"

"Inakuwa nyekundu."

"Na zikishajaa?"

"Wengi huwa wanazitoa asubuhi, mzee."

Lipa, usiulize tena. Kijana amekuambia ukweli kuliko boksi lenyewe. Chaja ya aina hiyo haijui betri imejaa. Inasukuma tu. Betri ya nikeli ikishajaa, umeme unaoendelea kuingia hugeuka joto na gesi, shinikizo hupanda, kitundu cha usalama hufunguka, na majimaji ya ndani hutoka kidogo kidogo. Haitalipuka wala kukutisha. Itakupa saa mbili za tochi badala ya tano, kisha moja, kisha utatangaza mtaa mzima kwamba betri za kuchaji ni utapeli.

Ukitaka mateso ya kiwango cha juu, tafuta chaja yenye kipima muda. Hiyo huhesabu masaa, ikifika mwisho inakata. Ni wazo zuri kwa mji ambao umeme haukatiki. Kwetu umeme ukikatika saa tano usiku na kurudi saa saba, chaja nyingi za namna hiyo husahau zilikofika na kuanza kuhesabu upya, na betri iliyokuwa imebakiza dakika kumi hulishwa usiku kucha kama aliyefika sasa hivi. Umeme ukikatika mara tatu, hesabu mwenyewe.

Wale wanaopenda kuharibu raha hununua chaja yenye akili. Wanaijua kwa jaribio moja rahisi: wanaweka betri moja tu. Chaja inayokubali moja, au tatu, na kuwasha taa ya kila chumba peke yake, inamtazama kila mgonjwa kivyake. Inayogoma mpaka wawe wawili huwachaji kwa jozi, hivyo aliyeingia nusu anapikwa akimsubiri mwenzake aliyeingia mtupu. Chaja yenye akili inajua kwamba volti ya betri ya nikeli hupanda taratibu, na siku inapojaa hushuka kidogo sana, sehemu chache za elfu ya volti. Ikiuona mshuko huo, inakata. Ndiyo sababu kasi nayo ina maana: umeme ukiingia kidogo mno, mshuko hauonekani. Kwa betri ya 2000, chaja inayotoa kati ya miliampea 500 na 1000 kwa kila chumba inafaa. Zile za 150 au 200 zinadai masaa 12 mpaka 16 na binadamu aliye macho. Zile zinazojigamba kujaza kwa robo saa zinachoma.

Watu hao hao huchagua chaja inayoingiza umeme kwa waya wa simu, ili ifanye kazi kwenye kichwa cha chaja ya simu, kwenye sola ya shamba na kwenye pawabenki umeme ukiwa umekwenda. Na wanajidai kwamba uniti moja ya LUKU inatosha kuchaji betri nne kiasi cha mara 50. Wana hesabu sahihi, na ndiyo maana hakuna anayekaa nao barazani.

Zikishachajiwa, changanya. Mpya na kuukuu, ya 2000 na ya 9900, ya nikeli na ya kawaida, zote ndani ya tochi moja. Ile dhaifu itaisha kwanza, na wenzake wenye nguvu wataendelea kuipitishia umeme mpaka wauingize kinyumenyume, na hapo imekwisha kazi. Watu wa kadiri huandika tarehe ya kununua kwa kalamu ya wino kwenye kila betri na kuzitumia kwa makundi yake. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na wewe huna dakika mbili.

Kuhusu lithiamu nitasema machache. Ile nene ya tochi za kichwani, iliyoandikwa 18650 kwa sababu ina upana wa milimita 18 na urefu wa 65, ni ya volti 3.7 na ukomo wake wa kweli ni 3500 au zaidi kidogo, kwa hiyo 9900 za lebo ni ngano. Ina chaja yake, haiingii kwenye chaja ya nikeli. Mdogo wake, 14500, ana umbo sawasawa na betri ndogo ya saa ya ukutani. Mweke kwenye rimoti inayotumia betri ndogo, volti zake zitamalizana nayo. Halafu kuna zile za volti 1.5 zenye kitundu cha waya ubavuni: nzuri, lakini ndani zina kimtambo cha kupunguza volti. Hazififii, huzima ghafla, na kimtambo hicho huweza kukoroma ndani ya redio ya masafa ya kati. Mpe mzee anayependa taarifa ya habari, usikilize atakachosema.

Zilizokufa zitupe kwenye shimo la taka na uwashe moto, ukisimama karibu. Za nikeli na kadimi, ambazo bado zimo kwenye simu za zamani za mezani zisizo na waya, zina sumu inayobaki kwenye udongo unaopanda mchicha, na za lithiamu hupasuka. Mwoga huziweka kwenye kopo kavu mbali na watoto, ncha zake zimefunikwa kwa utepe wa gundi, mpaka apate fundi wa vifaa vya umeme anayezikusanya.

Jirani akija kuazima betri, mpe hata nne. Akiomba chaja, mwambie iko Isevya kwa shemeji.