Upepo wa Tairi la Fuso

Wateja wangu wakubwa ni vijana wa bodaboda. Wanataka jina pembeni, neno la kumshukuru Mungu nyuma, na kwenye tangi la mafuta tai aliyekunjua mabawa. Kwa miaka kadhaa nimewachorea tai hao kwa brashi ya kawaida, na ukweli usemwe, wengi wametoka kuku. Hakuna aliyelalamika, maana nami bei yangu ilikuwa ya kuku.

Balaa lilianza siku kijana mmoja wa Maisaka aliponiletea tangi la pikipiki mpya. Hakutaka tai. Alitaka Mlima Kwaraa kama tunavyouona asubuhi hapa Babati, ukungu umeulalia mabegani. Sasa ukungu hauna ukingo, na brashi ya manyoya haijui kupaka kitu kisicho na ukingo. Nilipomaliza, mlima ulikuwa kama umetoka hospitali, umefungwa bandeji kichwani. Kijana aliutazama kwa mbali, akausogelea, akaniuliza kwa adabu, "Kaka, hiyo juu ni pamba?"

Usiku ule niliapa kununua brashi ya upepo.

Kwa asiyeijua, ni kama kalamu ya chuma iliyobeba kikombe kidogo cha rangi mgongoni. Ndani ina sindano ndefu. Upepo ukipita kwa kasi kwenye ncha, unaivuta rangi na kuipasua iwe vumbi laini kuliko unga wa sembe. Wamarekani wamehangaika nayo tangu karne ya 19: Abner Peeler alikuwa na yake mwaka 1876, na katika miaka ya 1890 Charles Burdick akatengeneza inayofanana na tunazotumia leo. Ningekuwa na akili timamu ningekumbuka pia kwamba pale Kolo, kwenye barabara hii hii ya kwenda Dodoma, iko michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na waliochora hawakuwa na kompresa. Lakini mtu akishaambiwa mlima wake una pamba, historia haimtulizi.

Nilichagua brashi kwa wiki mbili nzima. Nilijua ipi ni ya mwondoko mmoja, ambayo ukibonyeza rangi na upepo vinatoka pamoja utake usitake, na ipi ni ya miondoko miwili, unabonyeza kupata upepo na kuvuta nyuma kupata rangi. Nilijua tundu la milimita 0.2 ni la wino na rangi nyepesi sana, 0.3 ni la kazi nyingi, 0.5 ni la rangi nzito. Niliota Iwata ya Japani, nikaamka na mfuko wangu, nikaagiza ya Kichina ya miondoko miwili, tundu 0.3. Kompresa sikuiwazia hata dakika moja. Nilikuwa mtu aliyechagua tandiko kwa wiki mbili akiamini punda atajileta mwenyewe.

Kwani upepo si upepo? Nikachukua brashi yangu hadi kwa fundi pancha, barabara ya kwenda Singida. Mpira wake haukuingia kwenye brashi, tukazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mpaka ukashika. Nikamimina rangi ya bluu.

"Unataka upepo kiasi gani?"

"Kidogo tu, fundi."

Kidogo cha mtu ambaye ametoka kujaza Fuso si kidogo cha mchoraji. Brashi hii inataka PSI 15 hadi 30, tuseme haizidi upepo wa tairi la bajaji. Geji ya fundi ilikuwa imepita 100. Nilibonyeza. Mpira ulichomoka, kikombe kikajimwaga chote kwa mpigo, na kwenye benchi, mita moja mbele yangu, alikuwa ameketi mzee mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, anasubiri baiskeli yake. Bluu ilianzia kolani ikashuka hadi mfukoni. Neno pekee lililonijia kinywani lilikuwa "Shikamoo." Mzee akaitikia "Marahaba" kwa mazoea, ndipo akajitazama.

Shati nililipa. Fundi pancha mpaka leo akiniona anafunga koki.

Jaribio la pili nilinunua kile kimashine cha kujazia matairi ya gari, kinachotumia betri. Kwenye boksi kimeandikwa kompresa, na sikubishi. Tatizo hakina mtungi. Upepo unatoka kila pistoni inaposukuma, moja kwa moja hadi kwenye ncha, kwa hiyo ukungu wangu ulitoka kwa kwikwi: doa, doa, doa. Mlima ulipona bandeji ukapata surua. Na kelele! Jirani alikuja na tochi kuuliza kama kiboko ametoka ziwani. Ziwa Babati lina viboko kweli, kwa hiyo lilikuwa swali la busara, na sikuwa na haki ya kuchukia.

Kisha likaja suala la maziwa. Wajuzi wote wanakwambia uchanganye rangi na thina mpaka iwe kama maziwa. Shauri hilo halikutungwa Babati. Hapa ukitaja maziwa utaulizwa freshi au mgando, na mimi kwa tabia yangu ni mtu wa mgando. Ncha iliziba ndani ya sekunde tano. Nikaifungua, nikachomoa sindano, nikaiosha, nikaiweka juu ya meza ikauke. Niliporudi haikuwepo. Mwanangu alikuwa uani anamtoa mwenzake mwiba wa mguuni, kazi nzuri kabisa, na ncha ya sindano imepinda kama ndoana. Sindano ikipinda unywele mmoja tu, rangi inaruka pembeni. Mwiba ulitoka. Hilo nilimsifu.

Mke wangu, aliyekuwa kimya tangu siku ya shati, alisema, "Baba Chanja, wewe hununui brashi. Unanunua upepo." Jina la Chanja alinibandika siku hiyo kwa sababu ya sindano, na limenikaa.

Basi nikaagiza kompresa yenyewe kutoka Arusha, ikaja na basi, ndogo ya kubeba mkono mmoja: pistoni, mtungi wa lita 3, geji yenye koki ya kupunguza upepo hadi PSI 20, na kikombe cha kukamatia maji. Hicho kikombe nilidhani ni urembo. Masika yakanifundisha. Upepo ukibanwa kisha ukapoa, unyevu wake unageuka maji, na bila kikombe maji hayo yanapita mpirani yakatema mate katikati ya mchoro. Kelele yake haizidi ya friji la zamani. Tangu ifike hakuna aliyeulizia kiboko.

Bajeti ya brashi na ya kompresa, kama ningeanza upya, ningezigeuza: fedha nyingi kwenye upepo, kidogo kwenye kalamu.

Kijana wa Maisaka alirudi. Nilimchorea Kwaraa upya, na safari hii ukungu ulishuka taratibu hadi ukapotelea kwenye rangi ya tangi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema ni mzuri sana, ila sasa anaomba niongeze tai pale juu.

Nauza kimashine cha kujazia matairi, cha betri, kimetumika mara tatu. Hakina kosa lolote, kinajaza tairi vizuri sana. Anayekihitaji aje mchana, jirani akiwa kazini.